Je, Kisiwa cha Maziwe kweli kilizamishwa na kupanda kwa bahari? Nina mashaka

HojaNzito
Salaam wanajukwaa. Katika kila semina ya mazingira niliyowahi kuhudhuria Tanga na Dar es Salaam, Kisiwa cha Maziwe hutajwa kuwa shahidi wa kwanza kwamba bahari inapanda. Wengi mnakijua: kiko kusini-mashariki ya mji wa Pangani, zamani kilikuwa na miti, hasa mivinje, na kasa walipanda hapo kutaga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo kimebaki fungu la mchanga ambalo maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hulifunika lote.

Mashaka yangu yanatokana na hesabu. Taarifa ya Jopo la Umoja wa Mataifa la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 inasema kwamba kati ya 1901 na 1971 bahari ya dunia ilipanda kwa wastani wa milimita 1.3 kwa mwaka, na milimita 1.9 kati ya 1971 na 2006. Ukijumlisha tangu 1950 hadi 1980 hufikii sentimita 5. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4 kwa saa chache. Inakuwaje kisiwa kilichostahimili mita 4 kila mwezi kishindwe na sentimita 5 za miaka thelathini?

Pili ni utabiri wenyewe. Mwaka 1990 jopo hilohilo lilisema bahari ingepanda sentimita 20 kufikia 2030 na sentimita 65 mwishoni mwa karne hii. Setilaiti zimeonyesha takriban sentimita 10 kati ya 1993 na 2023. Mwaka 2007 wakasema sentimita 18 hadi 59, na mwaka 2021 wakataja hadi mita 1.01. Namba zinashuka na kupanda, na watu wa pwani wanaambiwa wahame kwa kuzitegemea. Sikatai kwamba bahari inapanda. Ninachouliza ni kama tunajua kiasi tunachodai kujua.

Mwalimu_Jiografia
Ndugu HojaNzito, umeuliza vizuri, ila namba zako zinahitaji kukamilishwa. Taarifa ya 1990 haikutoa namba moja. Ilitoa kati ya sentimita 8 na 29 kufikia 2030, na hiyo 20 uliyoinukuu ni makadirio ya katikati, tena kwa hali ya dunia isiyodhibiti kabisa uchafuzi wa hewa. Kilichopimwa hadi sasa kimo ndani ya mipaka hiyo. Ile ya 2007 ilieleza wazi kwamba haikujumuisha uwezekano wa barafu ya Greenland na Antaktika kuanza kutiririka kwa kasi zaidi, kwa sababu wakati huo hapakuwa na njia ya kuaminika ya kulikokotoa jambo hilo. Na mita 1.01 uliyoitaja ni ukingo wa juu wa njia mbaya kuliko zote. Njia nzuri kuliko zote inatoa sentimita 28 hadi 55 kufikia 2100, ikilinganishwa na wastani wa 1995 hadi 2014. Mtu akichagua namba ya katikati katika taarifa moja na ya juu kabisa katika nyingine, ataona kuyumba ambako hakupo.

Kuhusu Maziwe, kumbuka kwamba ufukwe ni mteremko. Mhandisi Per Bruun wa Denmark alieleza mwaka 1962 kwamba ufukwe wa mchanga unaweza kurudi nyuma mara 50 hadi 100 ya kiasi ambacho maji yamepanda. Hivyo sentimita chache si jambo dogo.

HojaNzito
Ahsante, Mwalimu, marekebisho ya 1990 nimeyapokea. Lakini tumia kanuni yako mwenyewe: sentimita 4.5 mara 100 ni mita 4 na nusu. Kisiwa kizima kilikuwa kipana kuliko mita 4 na nusu.

MvuviWaUshongo
Naandika kutoka Ushongo, ambako Maziwe tunaiona kwa macho maji yakipwa. Marehemu baba yangu alikuwa akipiga dago (kambi ya muda ya wavuvi) kisiwani humo pamoja na wavuvi wengine, na alichonisimulia hakihusu bahari ya dunia. Wavuvi walikaa kisiwani kwa siku nyingi, na kila dago lilihitaji kuni za kupikia, za kukaushia samaki na za kuchemshia jongoo bahari. Mivinje ilikatwa mwaka hata mwaka, na hakuna aliyepanda mwingine, kwa sababu kila kundi liliona kisiwa ni cha wote. Mvinje una mizizi inayoshika mchanga kwa nguvu sana. Mizizi ilipokufa, kusi moja kali lilitosha kuhamisha mchanga ambao miti ilikuwa imeukusanya kwa miaka mingi. Kwa hiyo naungana na ndugu HojaNzito: kisiwa kilimalizwa na shoka.

NahodhaMstaafu
Mwanangu wa Ushongo, namheshimu marehemu baba yako, lakini mimi nilipita hapo na jahazi nikielekea Pemba miaka hiyohiyo, na nilichokiona kilikuwa kinyume. Mivinje mingi ilikuwa imelala chini na mizizi yake yote, haikukatwa. Mti uliokatwa huacha kisiki. Mti uliochimbwa na maji huanguka mzima, kichwa kikielekea baharini. Ufukwe ulianza kuliwa kwanza, miti ikafuata.

Tena mchanga wa mafungu haukai. Wakati wa kaskazi husukumwa upande mmoja, na wakati wa kusi hurudishwa upande wa pili. Nimeona mafungu yakizaliwa na mafungu yakifa kati ya Tanga na Mafia, na hakuna aliyeitisha semina. Mbona hatuulizi kwamba huenda Maziwe ilifikia mwisho wake wa kawaida?

MvuviWaUshongo
Mzee Nahodha, shikamoo. Visiki vilikuwepo vilevile. Huenda jahazi lako lilipita mbali kidogo usivione.

Mhandisi_Korogwe
Wote mmeangalia baharini na hakuna aliyeangalia mtoni. Mto Pangani ulijengewa bwawa la Nyumba ya Mungu katika miaka ya 1960, na mitambo ya umeme ya Hale ikazinduliwa 1964. Bwawa hushika tope na mchanga ambao zamani ulifika mlangoni mwa mto. Aidha, maji mengi ya mto huu humwagilia mashamba kabla hayajafika Pangani, na kila mkazi wa Pangani atawaambia kwamba siku hizi chumvi hupanda mtoni mbali kuliko zamani. Watu husema ni bahari iliyopanda, kumbe ni mto uliopungua nguvu. Tazameni tarehe: mabwawa miaka ya 1960, kisiwa kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwangu mimi huo ndio ushahidi ulio karibu zaidi.

Mwalimu_Jiografia
Ndugu Mhandisi, hoja yako kuhusu chumvi mtoni naikubali bila shida. Kwa Maziwe, lakini, kuna kikwazo. Mchanga wake ni mweupe, umetokana na matumbawe yaliyosagika, makombe na mimea ya baharini yenye chokaa. Mchanga wa Mto Pangani una rangi ya udongo wa Usambara na Kilimanjaro. Kisiwa kile kililishwa na mwamba wake wenyewe wa matumbawe, hakikulishwa na mto. Kama unatafuta aliyekinyima chakula, basi uliza mwamba ulipatwa na nini.

MvuviWaUshongo
Mwamba ulipatwa na baruti za kuvulia samaki, Mwalimu. Hilo mtu wa pwani ya Tanga hahitaji kutafitiwa. Penye mwamba uliopigwa baruti wimbi halivunjiki nje tena, bali hufika moja kwa moja ufukweni.

Mpimaji_Bandarini
Nimesoma uzi wote na naomba kuongeza jambo ambalo halijaguswa, yaani vipimo vya hapahapa kwetu. Nimefanya kazi na vipimo vya maji bandarini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kipimo cha kudumu cha Zanzibar kilianza mwaka 1984. Maana yake ni kwamba wakati Maziwe inapotea, hapakuwa na kipimo cha karibu cha muda mrefu cha kutuambia bahari ilikuwa wapi. Yeyote anayesema kwa uhakika kwamba bahari ya Pangani ilipanda katika miaka ya 1970 anatumia wastani wa dunia, na bahari ya dunia haipandi sawasawa kila mahali.

Jambo litakalomfurahisha ndugu HojaNzito ni kwamba katika miaka yake ya mwanzo, kipimo cha Zanzibar kilionyesha maji yakishuka. Mwaka 2010 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti uliosema kwamba tangu miaka ya 1960 usawa wa bahari ulishuka katika ukanda wa kusini wa tropiki ya Bahari ya Hindi, Shelisheli na Zanzibar zikiwemo, huku ukipanda sehemu nyingine nyingi za bahari hiyohiyo. Watafiti walieleza kwamba pepo zilibadilika kwa sababu ya joto la bahari na zikasukuma maji kutoka eneo letu. Utafiti huo ukiwa sahihi, basi Maziwe ilipotea wakati ambapo maji ya eneo letu yalikuwa yanashuka.

Sasa nitamsikitisha kidogo. Kipimo cha miaka kumi au kumi na tano hakitoshi kutoa mwelekeo. Mzunguko wa mwezi una kipindi chake cha miaka 18.6, ambacho hufanya bamvua za miaka fulani ziwe kubwa kuliko za miaka mingine. Mwaka 1997 kuelekea 1998, na tena 2019, upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida na maji yakapanda kwa miezi kadhaa. Ukianza hesabu yako mwaka wa juu utapata kushuka, na ukianza mwaka wa chini utapata kupanda. Pepo zilizoshusha maji zikigeuka, maji yale yatarudi juu ya kile ambacho dunia nzima imeongeza. Kwa hiyo kushuka kwa miaka ile hakutupi sababu ya kulala.

HojaNzito
Mzee Mpimaji, nakushukuru sana. Katika semina zote nilizohudhuria hakuna aliyewahi kunieleza hilo. Basi naomba tuseme wazi: mfano unaotumiwa zaidi Tanzania kuthibitisha kupanda kwa bahari haujathibitishwa. Na si Maziwe peke yake. Tuvalu tumeambiwa kwa miongo kadhaa kwamba inazama, lakini utafiti wa picha za angani na setilaiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima visiwa vyake 101 na kukuta kwamba kati ya 1971 na 2014 jumla ya ardhi iliongezeka kwa asilimia 2.9. Maldivi, baraza la mawaziri lilikutana chini ya maji mwezi Oktoba 2009 ili dunia ione hatari, na hata hivyo nchi hiyo imeendelea kujenga hoteli na kupanua uwanja wake wa ndege. Wanaoogopa kweli wangejenga hivyo?

BintiMkoani
Kaka HojaNzito, utafiti huo wa Tuvalu naufahamu. Uliosema visiwa vimeongezeka ndio huohuo uliosema bahari ya pale ilipanda mara mbili ya wastani wa dunia katika kipindi hicho. Visiwa viliongezeka kwa sababu mawimbi yalivipandishia mchanga na kokoto kutoka mwambani. Havikuongezeka kwa sababu bahari ilitulia. Ardhi kuongezeka ukingoni hakumsaidii mtu ambaye kisima chake kimeingia chumvi.

Naongea hivyo kwa sababu kwetu Pemba kusini, upande wa Kisiwa Panza, mabonde ya mpunga ambayo bibi zangu walilima sasa yanaingiliwa na maji ya bahari wakati wa bamvua kubwa. Tumejenga matuta kwa mikono, na maji huyapita. Mpunga huungua, minazi ya ukingoni inanyauka, na ardhi iliyokwisha kunywa chumvi haiponi kwa mvua ya msimu mmoja. Mimi nimeona maji yakifika mahali ambapo wazee hawakuwahi kuyaona. Ukiniambia utabiri wa 2100 una shaka, sina ubishi nawe. Shida yangu ni ya mwaka huu.

Mhandisi_Korogwe
Dada BintiMkoani, pole sana. Je, mbele ya mabonde hayo mikoko ilikatwa?

BintiMkoani
Ilikatwa kwa kuni, makaa, chokaa na majengo, na sehemu nyingine tumeanza kuipanda upya. Lakini kuna bonde ambalo mikoko yake haijaguswa na maji yameingia vilevile. Ndiyo maana siwezi kulitupa lawama lote kwa shoka, kama alivyofanya kaka wa Ushongo.

KijanaWaMalindi
Habari zenu kutoka Kenya. Anayetaka kuchanganyikiwa kabisa na aje kwetu. Malindi ufukwe umepanuka. Wazee wanaonyesha mahali ambapo maji yaligonga zamani, na leo kutoka hapo unatembea kwenye mchanga kabla hujafikia bahari. Sababu yake ni Mto Sabaki, ambao huleta udongo mwingi kutoka bara unakolimwa ovyo. Nenda kaskazini, hadi Kipini kwenye mlango wa Mto Tana, na hapo bahari inakula mji, majengo ya zamani yamekwenda, na chumvi imeingia kwenye mashamba ya chini. Mto Tana una mabwawa, Kindaruma tangu 1968 na Masinga tangu 1981, pamoja na mengine. Bahari ni moja, pepo ni zilezile, na umbali si mkubwa, lakini upande mmoja bahari imekimbia na upande mwingine inafukuza watu. Mtu aliyekulia Malindi ataapa kwamba bahari inashuka, na wa Kipini ataapa kwamba inapanda, na wote wawili watakuwa wanasema walichokiona.

Mhandisi_Korogwe
Kijana wa Malindi umenipa nguvu. Mlango wa mto ndio unaoamua.

Mtanga_Stockholm
Nami niongeze mfano wa huku niliko Sweden, maana unamgusa mzee Mpimaji. Stockholm ina kumbukumbu za usawa wa bahari tangu 1774, na zinaonyesha maji yakishuka karne baada ya karne. Si bahari inayoshuka. Ni ardhi inayoinuka, kwa sababu zamani ilibebeshwa barafu nzito mno, na tangu barafu hiyo iyeyuke ardhi inarudi juu. Kipimo cha bandarini hupima tofauti kati ya maji na ardhi, basi, hakikuambii ni kipi kati ya viwili hivyo kilichosogea. Swali langu: je, ardhi ya Pangani au ya Pemba imetulia? Pwani yetu ina nyufa za kijiolojia, na Pemba imetenganishwa na bara kwa mkondo wenye kina kirefu sana, tofauti na Unguja ambayo mkondo wake ni wa kina kifupi.

Mpimaji_Bandarini
Swali zuri, kijana wangu. Ndiyo sababu tulikuwa tukipima mara kwa mara kimo cha kipimo chenyewe kwa kulinganisha na alama zilizochongwa kwenye majengo imara na miamba. Lakini alama hizo zote zikiwa juu ya ardhi moja inayozama kwa pamoja, hazitakuambia kitu. Setilaiti za kupima nafasi ndizo zinazoweza kujibu, nazo zinahitaji miaka mingi ya kumbukumbu.

RafikiWaZiwa
Nafuatilia kutoka Bujumbura. Kwetu Ziwa Tanganyika limepanda na kufukuza watu Gatumba. Je, hilo si ushahidi kwamba maji yanapanda kote?

Mwalimu_Jiografia
Poleni sana, ndugu yetu, lakini hilo ni jambo jingine. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 750 juu ya bahari na hutokwa na maji kupitia Mto Lukuga kwenda Kongo. Linapanda kwa mvua na kwa hali ya mlango huo wa kutokea.

Kibuyu_cha_Maji
Mnajisumbua bure. Weka barafu kwenye glasi ya maji, iache iyeyuke, maji hayapandi. Kwa hiyo barafu ya ncha za dunia hata iyeyuke yote, hakuna kitakachotokea.

BintiMkoani
Ndugu Kibuyu, hiyo ni barafu inayoelea. Ya Greenland na Antaktika imekaa juu ya ardhi. Ikiyeyuka yote, ya Greenland pekee ingeinua bahari kwa zaidi ya mita 7. Na tangu 1971 hadi 2018, karibu nusu ya kupanda kwa bahari haikutoka kwenye barafu hata kidogo. Ilitokana na maji yenyewe kutanuka kwa joto. Rudi kwanza kusoma sehemu ya mwanzo ya uzi huu.

NahodhaMstaafu
Niseme jambo moja kuhusu majengo. Gereza la Kilwa Kisiwani limekaa ukingoni mwa maji, nalo liliinuliwa upya na Waomani mwanzoni mwa karne ya 19 mahali palipokuwa na ngome ya Wareno ya 1505. Liko hapo hadi leo. Kama bahari ingepanda kwa namna tunayotishwa nayo, tungekuwa tunalitazama kwa kuzamia.

Mwalimu_Jiografia
Mzee wangu, sehemu ya Gereza ya upande wa bahari ilikwisha kuporomoka kwa mawimbi, na mmomonyoko ulikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya magofu ya Kilwa yawekwe kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Yaliondolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Hata hivyo nakiri kwamba mmomonyoko wa Kilwa nao una mikoko iliyokatwa ndani yake.

Mkazi_wa_Kunduchi
Wakati mnabishana kuhusu visiwa, kumbukeni Dar es Salaam. Wanaoshuka kituo cha Africana leo wengi hawajui kwamba jina hilo ni la hoteli ya ufukweni iliyoliwa na bahari. Wataalamu waliochunguza Kunduchi walitaja sana uchimbaji wa mchanga katika vijito vinavyoulisha ufukwe, mchanga ambao sote tumejengea nyumba zetu. Kisha kila mwenye hoteli alijenga ukuta wake wa mawe kuelekea baharini. Ukuta ulishika mchanga upande mmoja na kumnyima jirani upande wa pili. Ningependa watu wa mashaka na watu wa utabiri wote wakubali kwamba kuna kosa tunaloweza kulizuia bila kusubiri 2100.

HojaNzito
Naona tuna shoka, baruti, mto, pepo, mwezi, ardhi inayozama, na bahari ya dunia. Mimi bado nasimama nilipoanza: kwa Maziwe, bahari ya dunia ndiyo yenye ushahidi mdogo kuliko zote, na si haki mfano huo kuendelea kufundishwa watoto kana kwamba umekwisha kuamuliwa.

Mpimaji_Bandarini
Kwa Maziwe ya miaka ya 1970 sikupingi. Kwa fungu lililobaki sasa, nakupinga. Kati ya 2006 na 2018 dunia ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka, karibu mara mbili ya kasi ya juu kabisa uliyoitumia katika hesabu yako, na fungu lisilo na mti hata mmoja halina cha kujitetea. Mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo, kwa sababu yakiachwa maji huyafikia. Hapo ndipo utabiri unapopimika: tupime kimo cha fungu kila mwaka, msimu uleule, bamvua ileile.

MvuviWaUshongo
Kimo cha fungu tunaweza kukipima wenyewe, mradi mzee Mpimaji atuelekeze alama ya kuanzia tuiweke wapi, maana juu ya fungu hakuna jiwe wala mti wa kuichonga. Na aliye na picha ya angani ya Maziwe ya miaka ya 1950 au 1960 aiweke hapa. Ikionyesha visiki, mzee Nahodha atanijibu.

NahodhaMstaafu
Na ikionyesha miti iliyolala na mizizi yake, wewe utanijibu mimi. Pale nje ya fungu, upande wa bara, kuna mwamba usiofunikwa na mchanga, unaoonekana maji yakipwa sana. Alama yenu ichongeni hapo.